Jina Lisilo na Ukoo

Theuri alimkata Kinuthia siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye majani ya kahawa. Panga la kwanza lilimpata begani. La pili Kinuthia alilikinga kwa mkono wa kushoto, na mkono ukabaki ukining'inia kwa ngozi. Alikuwa akipogoa kahawa iliyopandwa na babake mzazi. Aliyemkata alikuwa binamu yake, mtoto wa baba mkubwa, mtu aliyekula naye githeri kwenye bakuli moja tangu hawajaota meno ya pili. Na muda wote aliokuwa akikata, Theuri alisema jambo moja tu, kwamba aende kwao.

Wacera alipigiwa simu na wifi yake, Anita, akiwa mjini Nyeri. Huko ana chumba kimoja anachofumia sweta za shule kwa mashine. Ni mwanamke wa miaka hamsini, mnene, mwepesi wa ulimi, aliyemfukuza mume wake mwenyewe na hajajuta hata siku moja. Wateja humwogopa kidogo na hurudi kila Januari, kwa sababu sweta yake haipwayi. Alifunga mlango bila kuzima redio, akaenda hospitalini, na alipofika daktari alikuwa amekwisha kuutoa mkono. Kinuthia alilala akitazama dari. Alisema hataandikisha taarifa polisi, haya ni mambo ya nyumbani. Wacera alimtukana palepale, mbele ya wagonjwa wengine, halafu akaketi kitandani akamfuta jasho.

Tuelewane hapa, maana mtu asiye wa milima hii anaweza kudhani watu hawa ni wendawazimu tu. Huku jina la mtoto halichaguliwi. Mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya babake, wa pili jina la baba ya mamake, na wasichana vivyo hivyo kwa upande wa nyanya. Ukitajiwa watoto wa mtu unausoma ukoo wake wote bila kumuuliza lolote. Sasa, mzee Theuri aliyeacha shamba alizaa wana wawili, Hezekiah na Gathogo. Hezekiah akamwita mwanawe wa kwanza Theuri, na hakuna aliyeinua nyusi. Gathogo naye, ambaye ndiye baba ya Kinuthia na Wacera, alipaswa kumwita mwanawe wa kwanza Theuri vilevile. Akamwita Kinuthia. Binti yake alimwita Wacera, jina la nyanya, sawasawa kabisa. Na babu yao mzaa mama aliitwa Nderitu, kwa hiyo hata upande ule jina halikutoka. Ukoo mzima, juu na chini, haukuwa na Kinuthia.

Hezekiah alikuwa na jibu lake. Alisema mama ya Kinuthia, marehemu Tabby, aliolewa akiwa na mimba ya mtu mwingine. Alilisema kwanza kwenye pombe, baadaye kwenye matanga ya Gathogo, na mwisho alilisema mbele ya wazee. Uongo ukisemwa miaka arobaini unapata viti vya kukalia. Hata Kinuthia mwenyewe, mtu mpole kupita kiasi, alikuwa ameanza kuuamini.

Shamba lilikuwa bado kwa jina la mzee Theuri, aliyefariki mwaka wa tisini na moja. Ili ligawanywe, mahakama ilitaka barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na kwa kuwa Gathogo hayupo, watoto wake wangesimama mahali pake. Chifu aliwapa wiki mbili. Alhamisi ya pili wangekuja wote ofisini na kila mmoja aoneshe ameingiaje katika ukoo. Kama Kinuthia asingeandikwa, angetoka kwenye shamba hilo na Anita na watoto wanne, mkono mmoja, miaka hamsini na mitatu, bila mahali pa kuchimba choo. Hayo ndiyo Wacera aliyokuwa nayo kichwani alipokwenda kumwona baba yake mkubwa.

Alimkuta Hezekiah barazani akiota jua. Ana miaka themanini na mitano na bado anasimama wima. Chini, kwenye njia ya shambani, damu ya Kinuthia ilikuwa imefunikwa kwa jivu. Wacera alijikaza, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza jina la Kinuthia lilitoka wapi.

"Hiyo jina si yetu," Hezekiah alisema. "Na mtu hana jina yetu hana shamba yetu."

"Sawa, baba. Basi mimi nitatafuta ni ya nani."

Mzee aliinua fimbo akampiga nayo kwenye mifupa ya miguu, mara mbili, kwa nguvu ambazo Wacera hakujua anazo. Akamwambia aache hiyo jina ilale. Tangu azaliwe baba yake huyu hakuwahi kumgusa hata kwa kidole. Wacera alirudi nyuma akichechemea, machozi yanamtoka kwa maumivu. Alikasirika, naam, lakini alikuwa pia ameona uso wa mzee alipokuwa akipiga. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshikwa na hofu. Ikiwa Kinuthia angekuwa mtoto wa kuokotwa tu, Hezekiah angecheka.

Alinunua daftari la kurasa thelathini na mbili, akaandika majina yote anayoyajua, akayaunganisha kwa mistari ya rula jinsi anavyochora vipimo vya sweta. Kisha akaenda Kagio kwa mjomba wake Kingori, mdogo wa mama yake, anayeuza nyanya sokoni. Kingori alimpeleka nyuma ya makreti, akamwambia kile alichokumbuka cha siku Kinuthia alipozaliwa. Yeye na watu wa kwao walikuwa wamekuja na uji wa mzazi, wakamkuta nyanya Wacera, mke wa mzee Theuri, ameketi mlangoni na panga magotini. Alisema hakuna uji utakaoingia mpaka mtoto aitwe Kinuthia. Mzee Theuri alikuja kumwondoa. Akampiga kofi, akampiga teke la mbavu, nyanya akatema damu na hakuondoka mlangoni. Akamwambia mumewe, watu wote wakisikia, "Niue pia. Si unajua njia?" Mzee Theuri aligeuka akaenda zake. Mtoto akaitwa Kinuthia, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni kwa nini.

Wacera aliliandika hilo kwa furaha. Jina lilitolewa na nyanya yake mwenyewe, yule aliyempa yeye jina. Mama yao hakuwa ameleta mimba ya mtu. Lakini hilo lilikuwa neno la muuza nyanya dhidi ya neno la mzee wa miaka themanini na mitano, na chifu angetaka kujua Kinuthia huyo alikuwa nani.

Siku iliyofuata alikwenda kanisani, akamwomba karani amfungulie vitabu vya zamani vya ubatizo. Karani alilalamika kuhusu vumbi, akamletea vitatu. Wacera alisoma tangu asubuhi mpaka macho yakamuwasha, kidole kikishuka mstari kwa mstari, wino umekuwa rangi ya chai. Kwenye kurasa za mwaka wa arobaini na tisa alimpata Hezekiah, mwana wa Theuri na Wacera, amebatizwa akiwa na miaka kumi. Pembeni, chini ya shahidi wa ubatizo, paliandikwa Kinuthia wa Ngari, jirani.

Jirani. Shahidi wa ubatizo, mtu anayesimama mbele ya kanisa kuahidi atamlea mtoto kama wake. Karani, ambaye ni mtu wa hapo, alisema alisikia kuna watu wa nyumba ya Ngari waliohamia upande wa Kutus wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, miaka ya hamsini, na kwamba binti mmoja wa huyo Kinuthia angali hai.

Binti huyo aliitwa Wangechi, na alikuwa ajuza wa miaka themanini na minne. Wacera alimkuta nje ya nyumba yake huko Kutus, akichambua mchele kwenye ungo. Alimwita cucu, kama mtu anavyomwita nyanya yeyote, akasema ametoka kwa mzee Theuri. Ungo ulisimama. Wangechi alimtazama, akauliza yeye anaitwa nani. Aliposikia Wacera, alimwonesha kigoda.

"Nilikuwa na miaka kumi na nne," alianza. "Sikiliza vizuri, kwa sababu mimi siwezi kusema hii maneno mara mbili."

Hakulia wakati wa kusimulia. Alisema baba yake, huyo Kinuthia wa Ngari, na mzee Theuri walitahiriwa mwaka mmoja, walijengana nyumba, walikopeshana mbuzi wa mbegu. Vita vilipokuja, mzee Theuri alikubali kuwa ngati, askari wa nyumbani wa mkoloni, akapewa filimbi na bunduki na kijiji cha kulinda. Watu walifungiwa ndani ya kijiji hicho, na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki kukizunguka na kusimika chini yake miti iliyochongwa ncha. Siku moja mchana mzee Theuri alimleta Kinuthia kwenye ukingo wa handaki, mikono haijafungwa. Alisema Kinuthia amepeleka unga kwa wapiganaji wa msituni.

Hakuwa amepeleka. Unga ulipelekwa na mke wa mzee Theuri, yaani nyanya Wacera, kwa kaka yake aliyekuwa huko msituni, na Kinuthia alikuwa ameonekana akimbebea gunia bila kujua linakwenda wapi. Nyanya Wacera alikuwa hapohapo kwenye handaki, jembe mkononi. Hakufungua mdomo.

"Aliambiwa atoe koti," Wangechi alisema. "Ilikuwa koti mzuri, ya jeshi. Hezekiah akaambiwa aishike, isiingie damu. Halafu yule mzee akamkata hapa begani. Baba akainua mkono, akakata mkono. Akaangukia ile miti. Bado anaongea. Ati anamwita Theuri kwa jina la rika lao, kama mtu anaomba maji."

Wacera alimwomba anyamaze kidogo. Alikuwa ameona bega na mkono mwingine, juzi tu, chini ya bandeji. Akatoka nyuma ya jiko akatapika, akanawa uso, akarudi. Wangechi alimngojea, kisha akamalizia. Filimbi ilipigwa, na wanawake wakaamriwa warudishe udongo upande ule wa handaki. Koleo la kwanza alirusha mke wa marehemu, kwa sababu alikuwa ameelekezewa bunduki. La pili alirusha Wangechi mwenyewe. Udongo ulikuwa ukipanda na kushuka kwa muda kabla ya kutulia.

Baadaye mashamba yalipounganishwa na kupimwa upya, ekari za Kinuthia ziliandikwa kwa jina la mzee Theuri. Familia ilikuwa imekwisha kukimbilia Kutus, na hapakuwa na mtu wa kulalamika. Miaka mingi ikapita. Ndipo siku moja nyanya Wacera akatokea, mbavu zimefungwa kwa kitambaa, akapiga magoti mbele ya mjane. Alikiri habari ya unga. Akasema mjukuu amezaliwa kwenye shamba lile, na amemwita Kinuthia, ili kila siku mumewe amwite kwa mdomo wake mwenyewe. Mjane alimmwagia maji ya moto mguuni, halafu akampa chai.

Wacera alirudi kwa miguu mpaka barabarani akiwa amechukia kila mtu. Alimchukia babu yake, hilo ni rahisi. Alimchukia pia yule nyanya ambaye yeye amebeba jina lake kwa fahari miaka hamsini, mwanamke aliyenyamaza na jembe mkononi. Alikuwa ameingia kwenye vitabu kumtafutia kaka yake babu safi, na alichokuta ni kwamba shamba wanalokatania mikono liliibwa kwa panga. Akinyamaza, Kinuthia anafukuzwa. Akisema, anaivua nguo nyumba nzima, pamoja na baba yake aliyekufa akiheshimiwa. Alihesabu siku zilizobaki mpaka Alhamisi, na hakupata usingizi wa maana hata usiku mmoja. Lakini alikuwa amemwomba Wangechi aje, na Wangechi alikuwa amekubali. Alisema anataka tu kumwona huyo aliyepewa jina la baba yake.

Alhamisi ofisi ya chifu ilijaa. Hezekiah alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Theuri alisimama nyuma yake. Kinuthia aliletwa na Anita, mweupe midomo, mkono wa sweta umekunjwa na kubanwa kwa pini. Wangechi alikaa pembeni na mjukuu wake aliyemleta kwa gari, akiwa amejifunika shuka hadi kidevuni. Hezekiah hakumtambua.

Chifu aliposoma majina na kufika kwa watoto wa Gathogo, Hezekiah alisema aandike Wacera peke yake. Wacera alisimama na daftari lake. Hakupamba. Alianza na mlango na panga la nyanya, akaenda kwenye kitabu cha ubatizo, akaenda kwenye handaki, gunia la unga na ekari zilizopimwa. Alikuwa amefika kwenye koleo la mjane wakati Theuri aliporuka meza. Alimpiga ngumi ya mdomo, na kichwa cha Wacera kikagonga kabati la chuma. Alipojaribu kuinuka alipigwa teke la tumbo. Ilichukua chifu na wazee watatu kumtoa Theuri nje, na hata hapo alimuuma mmoja wao kidole. Wacera aliketi sakafuni akatemea meno mawili kwenye kiganja, akayafunga ndani ya kitambaa, na akamalizia sentensi yake.

Chifu alimgeukia Hezekiah akamuuliza kama ni kweli.

Mzee alikuwa akimtazama yule ajuza, ambaye sasa alikuwa ameshusha shuka usoni.

"Mimi ndiye nilishika koti," alisema hatimaye. "Baba akasema ni yangu. Nilivaa hiyo koti mpaka ikaisha mikono. Alikuwa amenisimamia kanisani, huyo mtu." Akasema tu kwamba kijana wa Gathogo ni damu yao, aandikwe, na kwamba alikuwa akijua hivyo siku zote.

Chifu aliandika Kinuthia wa Gathogo, akalitanguliza juu ya majina yote ya wajukuu. Kisha, kwa sababu ni mtu mwangalifu, alimuuliza Wangechi kama ana madai juu ya shamba. Wangechi alisema shamba lina mwenyewe, na mwenyewe amekwisha kuandikwa. Aliinuka akamwendea Kinuthia.

Huku mtu aliyepewa jina la baba yako ni baba yako, hata akiwa mtoto wa kunyonya. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumsikia ajuza wa miaka themanini na minne akimwita mtu wa umri wa mwanawe hivyo. Alishika pini ya ile sweta, akaisogeza kidogo.

"Baba, nani alikukata?"

Kinuthia alimtazama dada yake kwanza. "Theuri," akasema.

Wangechi alitikisa kichwa. Nje Theuri alikuwa akipiga kelele, akiapa kwamba kabla jua halijazama atamaliza alichoanza, na sauti za wanaume wengine zilikuwa zimeanza kumwitikia.

"Twende Kutus," ajuza alisema. "Usirudi huko, Baba. Hawa watakuua tena."

Wacera alitaka kupinga. Jina lilikuwa limeandikwa, la kwanza kwenye orodha, na yeye alikuwa amelilipia kwa mdomo wake. Alimtazama Kinuthia akitia sahihi kwa mkono uliobaki, akiinuka, akimfuata yule ajuza hadi kwenye gari kama mtoto anayetolewa shuleni mapema. Hakuuliza habari za kahawa wala nyumba. Anita alipanda nyuma akilia, wakaondoka kuwachukua watoto shuleni.

Kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Shamba lisilo na mtu ndani yake lingekuwa la Theuri kufikia Jumapili, barua au bila barua, na kila mtu ofisini alijua. Wacera alipangusa damu kidevuni kwa mkono wa sweta aliyoifuma mwenyewe. Alimwomba chifu aandike jina lake chini ya la kaka yake, akasubiri mpaka wino ukauke, akaikunja nakala akaiingiza kifuani. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya wanaume waliokuwa wakipiga kelele, akashika njia ya kwenda shambani. Aliogopa kila hatua.